Mkalimani na Sinema za Jumamosi

Kwake hukuruhusiwa kusema sinema ilikuwa nzuri. Mkimaliza kutazama, alikuwa anazima TV, anatia rimoti kwa mfuko wa sweta ili mtu asiiwashe tena, halafu anakugeukia. "Umeonaje?" Ukijibu ilikuwa nzuri, anakukata hapo hapo. "Nzuri ni chai. Sinema niambie imekufanya nini." Watu wazima wenye familia zao walikuwa wanakwama hapo, wanakuna kichwa kama watoto walioitwa ubaoni.

Tulimwita Mkalimani. Jina lake la kitambulisho alilijua mwenye ploti, na labda watu wa kanisa lake. Sisi wengine tuliishi naye Kaptembwo miaka mingi na hatukuwahi kulihitaji. Alikuwa amefanya kazi ya ukalimani kortini, mara Molo, mara hapa Nakuru mjini, mpaka akastaafu akahamia chumba cha kwanza ukiingia geti, na TV yake kubwa imefungwa kwa blanketi kama mgonjwa. Mambo ya alizaliwa wapi na nani sitayagusa. Yeye mwenyewe akiona sinema imeanza na mtoto anazaliwa alikuwa anasema, "Haya basi, tutafika kesho," na anapeleka mbele.

Mtu asikudanganye kwamba alikuwa mpole. Alikuwa na sauti ya kufika nyuma ya korti bila spika, na maoni yake yalifika mbali kuliko hiyo sauti. Nilimuuliza siku moja, tukianika nguo, ni kwa nini kila kitu lazima akitolee maoni, hata tangazo la sabuni.

"Wewe Cherono, sikiza," akaniambia, kibanio cha nguo kikiwa mdomoni. "Mimi nililipwa miaka yote hiyo ili nisiwe na maoni. Mtu anadanganya mbele yangu mchana kweupe, najua anadanganya, hakimu anajua, hata bibi yake kwa benchi anajua, na kazi yangu ni kuutafsiri huo uongo vizuri kabisa, bila kukunja uso. Unajua vile hiyo kitu inachosha? Sasa nimestaafu. Nitasema mpaka nichoke."

Na kweli alisema. Jumamosi mchana, baada ya watu kufua na kabla ya kupika, chumba chake kilikuwa kinajaa. Kulikuwa na mimi, mwenye kufuma sweta za shule, kulikuwa na Mama Boni aliyeuza mboga pale getini, na wapangaji wengine waliopishana. Viti vilikuwa vichache, kwa hivyo ulikuja na stuli yako. Kilichotazamwa kilitegemea flashi imetoka na nini mjini au dikoda imelipiwa ama haijalipiwa. Kila mtu pia alileta habari ya alichotazama kwake wiki hiyo, na lazima akitetee. Mama Boni alikuwa anapenda zile sinema za wachawi na majumba makubwa. Mkalimani alikuwa anamsikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, kisha anamwambia, "Mama Boni, hiyo nyumba yote ina vyumba vingi hivyo na hakuna hata mmoja amefagia. Nani anafagia?" Basi Mama Boni anakasirika, na wiki inayofuata anakuja kutuambia ameona mtu akifagia.

Hakuna kilichomuudhi kama maneno ya chini ya skrini. Mtu wa Korea au wapi sijui anaongea kwa hasira, anapumua, anaongea tena, na hapo chini wameandika neno moja: "Hapana." Mkalimani alikuwa anaruka kutoka kitini. "Amesema maneno debe nzima! Mengine yamekwenda wapi? Nani ameyakula?" Lugha yenyewe hakuijua hata salamu. Lakini alijua kuna mtu kazini amepunguza, na kwake hilo lilikuwa kosa la jinai. Sheria yake ilikuwa fupi, na aliirudia mpaka watoto wa ploti wakaigeuza wimbo wa kuruka kamba: mkalimani haongezi, mkalimani hapunguzi.

Kwa sababu hiyo pia alichukia zile sinema za mapigano ambazo jamaa fulani anazisimulia juu yake kwa Kiswahili cha mtaa, anatia utani wake, anawapa majambazi majina ya masoko ya huku kwetu. "Huyo anaongeza!" alikuwa anasema, kidole juu. "Huyo angefungwa." Nilimsadiki mpaka siku nilipopita kinyozi pale stejini nikamkuta amekaa nyuma ya pazia akingoja mjukuu wake anyolewe, TV ya kinyozi ikicheza sinema ya namna hiyo hiyo, na Mkalimani amejishika mbavu, machozi ya kicheko yanamtoka. Aliponiona alikohoa. "Nachunguza," akasema.

Hakuwa mtu wa kunyooka kote, hilo niliseme. Sinema ikimleta mtoto analia peke yake kwenye mvua, anasema hayo ni machozi ya kuombaomba, anatafuta kitu cha kutafuna. Halafu Jumapili baada ya ibada, akiwa bado na skafu ya akina mama wa kanisa, unamkuta analia kwa ajili ya mwanamieleka mzee aliyepigwa na kijana. "Angalia magoti yake," ananiambia. "Huyo ana watoto, Cherono." Sinema za mapenzi zilimpa usingizi. Sinema za kortini zilimpa presha. Kila hakimu wa kwenye TV akigonga nyundo yake, Mkalimani naye anagonga meza. "Hiyo nyundo mnaitoa wapi? Mimi sijawahi kuona hakimu amegonga kitu. Hakimu akikuangalia tu, unanyamaza!"

Na alipenda wabaya. Hilo lilitushangaza sote, kwa mtu wa kanisa. Sisi tunamlaani mwizi, yeye anasema ngoja kwanza, hajaongea. Alituelezea sababu siku moja. Kortini, mkalimani hasemi "mshtakiwa anasema kwamba aliiba." Anasema "niliiba," kwa sababu ndivyo mshtakiwa alivyosema. "Mimi nimeiba ng'ombe mara nyingi kuliko wezi wenyewe," akasema. "Nimechoma nyumba. Nimekana watoto. Na kila mara, nikisema 'mimi', kidogo naelewa. Si kukubali. Kuelewa."

Hiyo tabia ya "mimi" hakuiacha kortini. Mama Boni Kiingereza chake kilikuwa cha kusoma bei, kwa hivyo kukiwa na drama ya Kiingereza Mkalimani alimtafsiria, na alitafsiri vile vile alivyozoea. Wiki moja akahamia kwa ploti kijana wa boda boda, mtu mnyamavu, hajamjua mtu. Akapita chini ya dirisha la Mkalimani akasikia sauti ya mama mtu mzima ikisema pole pole, bila haya, "Ndiyo, mimi ndiye nilimpa sumu. Nilimtilia kwa uji. Nilimwangalia akinywa mpaka akamaliza, na hata leo ningemtilia." Maskini kijana! Alimkimbilia soja wa geti. Soja akaja na rungu, tukatoka sote milangoni, akasukuma pazia, akamkuta Mkalimani na Mama Boni wanakula njugu mbele ya TV.

Mkalimani hakuona aibu hata chembe. Aliwaweka wote wawili chini akawaeleza. "Nimesema 'mimi' kwa sababu yeye amesema 'mimi'. Mlitaka niseme 'ati huyu anasema'? Ukianza na 'ati', umeshamhukumu mtu kabla hajamaliza." Soja alielewa. Kijana alisema ameelewa, lakini tangu siku hiyo alikuwa anamsalimia kwa mbali, "Sasa mathe," na uji wake hakuonja mpaka alipohama.

Sasa nikuambie habari ya mama yangu, kwa sababu bila hiyo humjui Mkalimani.

Mama alishuka kutoka Olenguruone kwa ajili ya mguu. Daktari alitaka amwone mara kwa mara, na barabara ya kule mvua ikinyesha ni matope, kwa hivyo nikamweka kwangu. Mama ni mtu wa shamba. Kiswahili chake ni cha sokoni: bei gani, punguza, ongeza viazi. Kiingereza hana. Mimi mchana niko kwa mashine ya kufuma, na yeye amekaa mlangoni, mguu juu ya debe, anaangalia watu wakipita wakiongea maneno yasiyomhusu.

Kwetu mama mwenye watoto huitwa kwa jina la kifungua mimba. Yeye tangu nimjue alikuwa Mama Kibet. Lakini siku ile aliyoshuka, kabla hata hajatua mzigo, aliniambia, "Hapa waambie waniite Gogo." Yaani Bibi. Nikajua jambo bado halijaisha.

Jambo lenyewe ni hili. Kaka yangu Kibet alifanya kazi kwenye mashamba ya maua Naivasha, na huko akapata msichana anaitwa Mwende, Mkamba wa Machakos, mpole, mchapa kazi. Akamleta nyumbani. Mama alimwangalia yule msichana kutoka kichwani mpaka miguuni, akamuuliza Kibet swali moja tu: "Nitaongea naye lugha gani?" Kibet akacheka, akadhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Maneno yakapanda, mama akamwambia achague, Kibet akamshika Mwende mkono. Mama akawasindikiza mpaka mlangoni na hapo akasema, "Toka. Kuanzia leo sina mtoto wa kiume." Kibet alipiga simu mara nyingi baada ya hapo. Mama alikuwa anasikia jina lake, anainuka, anaenda kukamua.

Nilikuwa nataka kitu kimoja tu maishani, na sioni haya kukisema: hao wawili waongee kabla mmoja wao hajapatwa na jambo. Mama alikuwa anazeeka na mguu. Kibet alikuwa anaendesha lori la maua usiku. Kila simu ya ghafla niliishika nikitarajia msiba.

Mkalimani alimkuta mama bombani, akigombana na ndoo kwa Kikipsigis. Akasimama. "Chamgei," akamsalimia. Mama akageuka kama mtu aliyeitwa kwa jina. Kumbe Mkalimani alijifunzia lugha yetu Molo, kwenye kesi za ng'ombe na mipaka ya mashamba, na kwa hivyo aliijua yote kwa namna ya korti. Alimkaribisha mama chai kwa Kikipsigis safi kabisa, akamuuliza, "Je, chai hii unaikubali ama unaikataa?" Mama alimtazama. Halafu akacheka, kicheko nilichokuwa sijakisikia tangu habari ya Kibet, akajibu, "Naikubali." Wakaenda kunywa.

Tangu hapo mama alikuwa na kiti chake Jumamosi, kile chenye mto, karibu na bega la Mkalimani. Drama ikianza, Mkalimani anamwinamia na kumtafsiria kwa sauti ya chini, Kiingereza kinaingia sikio hili na Kikipsigis kinatokea mdomoni, na Mama Boni akilalamika naye anatupiwa mistari michache ya Kiswahili. Sijui kichwa chake kilikuwa kinawezaje. Mwishoni, rimoti inaingia mfukoni, na kila mtu anaulizwa. Ikifika zamu ya mama, anasema, "Ni sawa." Kila wiki ni sawa. Mtu mwingine angechapwa kwa maneno. Mama alisamehewa. "Sawa pia ni chai," Mkalimani aliniambia pembeni, "lakini huyo bado hajaitwa kizimbani."

Basi kukaja drama moja ya nchi za mbali, imetiwa sauti za Kiingereza, habari za mama mmoja mwenye duka la mikate na mwanawe wa pekee. Mama yangu aliipenda. Alikuwa anamjua yule mama wa mikate kama jirani, akiona anauza mikate iliyolala anasikitika. Kisha ile drama ikapinda. Mtoto akapenda msichana wa wavuvi, watu wasio na kitu. Ijumaa moja nikaona tangazo la kipindi cha kesho yake: yule mama amesimama mlangoni, amenyoosha kidole, mtoto ameshika begi. Nikaacha sweta kwenye mashine nikaenda kwa Mkalimani mbio.

Nilimweleza yote, mwanzo mpaka mwisho. Jina la Kibet, mlango, maneno. Nikamwomba. "Kesho usimwambie vile yule mama atasema. Sema amemkanya tu. Sema amemwambia aende mpaka hasira ipoe. Hatajua."

"Hatajua," akasema. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua macho.

"Mama ni mgonjwa. Atadhani tumemtega."

"Mmemtega?"

"La! Ni TV tu!"

"Basi." Akatupa jiwe dogo mlangoni. "Cherono, yule mama ana watu wengi wa kumpoza hapa mjini. Wewe unampoza, daktari anampoza, hata Mama Boni anampoza na hawasikizani. Mtu mmoja tu ndiye anampa maneno kama yalivyo. Nikiongeza kesho, nikipunguza kesho, atabaki na nani?"

Nilikasirika. Nilimwambia hii si korti, ni chumba cha kukodisha Kaptembwo. Akaniambia anajua, anailipia yeye. Nikatoka bila kuaga.

Kesho yake nilifikiria kumzuia mama, nikashindwa kupata uongo wa kutosha. Akavaa leso yake nzuri. Tukaenda. Chumba kimejaa, stima iko, hata hiyo haikunisaidia. Kipindi kikaanza, na mambo yakawa yale yale ya tangazo. Mtoto na begi. Mama mlangoni. Mkalimani alikuwa ameinama begani kwa mama yangu, na sauti yake haikupanda wala haikushuka. Yule wa TV akasema kwa Kiingereza, na Mkalimani akasema kwa lugha yetu: "Toka. Kuanzia leo sina mtoto."

Mimi nilikuwa naangalia mikono ya mama. Ilikuwa imelala mapajani, na ililala hivyo hivyo mpaka mwisho.

Mkalimani akazima. Akatia rimoti mfukoni. Watu wakakaa vizuri kungoja, maana kipindi kama hicho kilikuwa cha kutupa maoni mpaka chakula cha jioni kichelewe. Mama Boni alikuwa ameshafungua mdomo. Mkalimani akainua mkono.

"Leo mimi sina maoni," akasema.

"Wewe?" Mama Boni akasema. "Ni wewe hauna maoni? Unaumwa?"

"Siumwi. Sina." Halafu akageuza kiti chake chote, akamtazama mama yangu, akamuuliza kwa Kikipsigis, taratibu, kile alichotuuliza sisi wote siku zote: hiki kitu kimekufanya nini?

Nilijua atasema ni sawa. Badala yake mama akaanza kuongea, akiangalia ile TV iliyozimwa, na Mkalimani akasimama. Akaweka mikono nyuma, kama nadhani alivyosimama miaka yake yote, akawageukia watu, na mama akituliza sentensi, yeye anaitoa kwa Kiswahili.

"Hayo maneno mimi niliyasema," akasema Mkalimani. "Niliyasema mlangoni kwangu. Yule mwanamke ameyasema vizuri kunishinda, mimi nilikuwa napiga kelele. Mtoto wangu anaitwa Kibet. Alileta msichana. Nikauliza nitaongea naye lugha gani. Watu walidhani ninamkataa kwa kiburi. Mimi nilikuwa naogopa. Niliogopa kuzeekea ndani ya nyumba ambamo wanacheka na sijui wanacheka nini."

Mama Boni alikuwa ameshika shavu. Kijana mmoja mpangaji mpya aliangalia chini, na hata yeye hakudhani Mkalimani anaongea habari zake mwenyewe. Ile "mimi" ilikuwa ya mama yangu, kila mtu aliiona inakotoka.

Mama akasema neno la mwisho. Mimi nalijua hilo neno tangu nikiwa mgongoni, ni lugha yangu, na bado nilikaa pale nangoja tafsiri kama mgeni.

"Mimi nataka simu," akasema Mkalimani. Kisha, kwa sauti yake mwenyewe, "Cherono! Simu!"

Nilipiga. Kibet hakushika. Nikapiga tena, hakushika. Mama akasema haidhuru, lakini uso wake ulisema inadhuru sana. Mkalimani akaweka chai jikoni kama kwamba hakuna kitu, akamwita, "Mama Kibet, sukari unaikubali ama unaikataa?" Nikashtuka. Mama akamwangalia, akaitikia. "Naikubali." Chai ilikuwa haijachemka simu ikalia. Kibet alikuwa ameegesha lori kando ya barabara, anauliza kwa hofu, nani amekufa? Nikampa mama. Mama akashika simu kwa mikono miwili akamuuliza kama wamekula. Wamekula, si amekula. Kibet alielewa, maana nilisikia analia huko kwa lori, mwanaume mzima.

Ningependa kukuambia yaliisha siku hiyo. Mambo ya nyumbani hayaishi kama drama. Kibet alikuja, akaja tena na Mwende, na mama aliwapikia. Lakini kati ya mama na Mwende kulikuwa na tabasamu nyingi na maneno machache. Shika. Kula. Asante. Mama alirudi Olenguruone mguu ukiwa afadhali, na Mwende alikuwa akienda huko, anachota maji, anapiga deki, anakaa kwa adabu. Aliniambia siku moja, "Dada, mama amenikubali kwa sababu alichoka kukataa. Si kwa sababu ananitaka." Nilimwambia si hivyo. Hakuniamini. Nikampelekea mama maneno yale, lakini hakuwa na Kiswahili cha kumjibu, au alikuwa nacho akakiogopa.

Mkalimani naye alihama. Binti yake ana shamba la viazi upande wa Kuresoi, akamchukua akae naye, na TV ikafungwa tena kwa blanketi. Kaptembwo Jumamosi zikawa za kufua tu. Tulijaribu kukutana kwa Mama Boni. Kila mtu alisema sinema ilikuwa nzuri, tukaachana mapema.

Mara ya mwisho kukaa naye ilikuwa Desemba iliyopita. Tulikuwa tunapanda Olenguruone kwa gari aliloazima Kibet, yeye, Mwende na mimi, na mama amekuja mpaka Nakuru kwa daktari kwa hivyo tuko naye. Mama akasema hapiti Kuresoi bila kumwona Karani wake, ndivyo alivyomwita Mkalimani. Tukamkuta kwenye kochi, blanketi miguuni, baridi ya kule unaijua. Alikuwa amepungua sana. Fimbo ilikuwa kando. Rimoti ilikuwa mfukoni mwa sweta.

Alitulazimisha kutazama kipindi kabla ya kutusalimia vizuri. Kilipoisha akatuuliza mmoja mmoja. Kibet akasema ilikuwa nzuri, akakemewa papo hapo. Mimi nikaona nafasi yangu.

"Kuna maoni unanidai," nikamwambia. "Ama mimi ndiye nakudai. Ile drama ya mama wa mikate. Ulisema huna maoni. Haiwezekani."

Akacheka mpaka akakohoa. "Nilikuwa nayo. Ule mchezo ulikuwa mbovu, Cherono. Mbovu! Yule mama alikuwa anaigiza kama mtu anaita teksi. Kile kidole! Na muziki umepandishwa ili tulie kwa nguvu. Kama si mama yako ningezima katikati."

Mwende alicheka kwa adabu. Mama, aliyesikia tu "mama yako," akauliza kwa Kikipsigis amesemwa nini. Na Mkalimani, huyo huyo, akamgeukia akamtafsiria maoni yake yote dhidi ya ile drama, kidole, muziki, teksi, bila kupunguza.

Mama akaweka kikombe chini. Alimtazama Mwende, moja kwa moja, na akaongea.

Mkalimani akatafuta fimbo. Binti yake akasema, "Mama, kaa tu," lakini hakusikia au hakutaka. Akajiinua, magoti yakilalamika, akasimama akamgeukia Mwende. Fimbo akaishika nyuma kwa mikono miwili.

"Mimi naona huyu mkalimani hajui sinema," akasema. "Amezoea kuongea sana. Ule mchezo ulikuwa mzuri kuliko yote. Mimi nilikuwa nimefunga mlango, na mtoto wangu akarudi, lakini huyo alikuwa wangu tangu zamani. Wewe ndiye nilipewa siku ile. Sijakuambia kwa sababu niliona aibu na sina maneno. Usidhani nilichoka kukataa. Nilikutaka."

Mimi najua lugha zote mbili, na nilikuwa nasikiliza kwa makini. Mkalimani hakuongeza neno wala hakupunguza, hata pale aliposemwa vibaya.

Mwende alikuwa analia. Hakujipangusa. "Mwambie mama," akaanza, "mwambie kwamba..."

"Mwambie mwenyewe," akasema Mkalimani, akirudi kitini polepole. "Mimi nimestaafu."

Mwende akapiga magoti mbele ya kiti cha mama, akatafuta neno pekee la kwetu alilokuwa nalo, lile la asante, akalisema kwa ulimi wake wa Machakos. "Kongoi."

Mama akamshika kichwa kwa mikono miwili, akalirudia neno hilo pole pole ili alishike vizuri, na Mwende akalisema tena.